Dume tasa au jeni inayojieneza?

Jua likizama, madume wa Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, huruka kwa makundi, na dume humtambua jike kwa mlio wa mabawa yake, anaousikia kupitia papasi zenye manyoya. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Kwa hiyo dume yeyote wa maabara anayeachiwa ili kupunguza mbu lazima kwanza asikie vizuri.

Kati ya njia mbili za kuwapunguza mbu hao, dume tasa ndiyo ya tahadhari. Julai 2019 Target Malaria, mradi wa utafiti wa kupambana na malaria, iliwaachia mbu wa aina hiyo kijijini Bana, Burkina Faso. Jike akipandwa na dume huyo hapati watoto, na jeni iliyobadilishwa inaishia hapo. Lakini madume lazima wafugwe kwa wingi na kuachiwa tena na tena, na wakizidiwa kusikia na wenzao wa porini, gharama yote inapotea.

Jeni inayojieneza hurithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliilenga jeni ya doublesex, inayoongoza ukuaji wa jinsia ya mbu: majike wenye nakala mbili zilizobadilishwa hawakuweza kuuma wala kutaga, na mbu wa vizimbani wakaisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Hapa madume wachache wakipata wenza, watoto wao waliozaliwa porini wanaendeleza kazi. Kwa vijiji vya mbali naipendelea hii, ila ikishatoka ni vigumu mno kuirudisha, na mbu hajui mpaka. Ridhaa ya wanakijiji na nchi jirani itangulie. Burkina Faso yenyewe ilisimamisha mradi wa Target Malaria Agosti 2025.