Kusajili jina la biashara BRELA: nyota nne, na ile ya tano imebaki halmashauri

Natengeneza siagi ya karanga hapa Singida. Miaka minne niliiuza kwenye vikopo visivyo na jina, wateja wangu wakiwa majirani na walimu. Mwaka 2022 mwenye duka moja kubwa la mjini akaonja, akaipenda, akauliza, "Mama, cheti unacho?" Sikuwa nacho.

BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, sikwenda kwa miguu. Tangu 2018 usajili unafanyika mtandaoni, mradi uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kijana wa steshenari alinijazia fomu. Jina la kwanza lilikataliwa kwa kufanana na la mwingine; tukaongeza jina la bibi yangu, likapita. Ikaja kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, nikalipa 20,000 kwa simu, na siku ya tatu cheti kikaingia. Nilikichapisha rangi, nikakaa nacho mapajani njia nzima kwenye bajaji.

Haya ni matunda ya mageuzi, na nayashukuru kwa dhati. Zamani ukaguzi wa chakula ulikuwa na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, upande huu na TBS, shirika la viwango, upande ule. Tangu 2019 uko TBS peke yake. Kwa msindikaji mdogo, mlango mmoja kupungua ni nauli na siku za kazi zilizookolewa.

Kodi nayo ina jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui. Mwaka 2023 niliuza milioni 5. Kwa kuwa kila kopo nililiandika kwenye daftari, nilikadiriwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Bila daftari ingekuwa 100,000. Tofauti hiyo ni gunia zima la karanga kwa bei niliyonunulia msimu ule.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya leseni ya biashara, inayotolewa na halmashauri. Fomu ni ya mtandaoni, lakini ukaguzi wa jiko unamsubiri bwana afya. Kwenye halmashauri niliyoomba nilikwenda mara tatu, mara zote naambiwa yuko kikaoni. Wiki sita zilipita huku duka likiniwekea nafasi kwenye rafu. Siku ya ukaguzi ipangwe kwenye mfumo uleule, mwombaji aione kwenye simu yake. Siku bwana afya alipofika, kazi yake ilimchukua dakika ishirini.