CNC ndogo kwa seremala wa wikendi: nimeitumia, siinunui

Rafiki yangu wa hapa Moshi aliposafiri aliniachia mashine yake ya CNC, yaani inayochonga mbao yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta, ile ndogo ya mezani inayoitwa 3018 kwa kuwa eneo lake la kuchonga ni sentimita 30 kwa 18. Mimi si fundi wa kutegemewa na mtu; natengeneza stuli, masanduku na vibao vya kukatia mboga siku za mapumziko.

Ukubwa peke yake ulinipa nusu ya jibu. Kibao cha jina la nyumba kinaingia, uso wa meza hauingii. Mota nayo ni ndogo. Kwenye paini inakwenda bila shida, lakini ukiipa mninga lazima ichonge kidogo kidogo, nusu milimita kila inapopita, la sivyo biti, kile kisu chake kinachozunguka, inaunguza mbao au inakatika. Utakunywa chai, utaoga, utarudi uikute bado inanguruma.

Kazi yake ni safi, hilo silipingi. Maandishi madogo yenye mikia, ambayo kwa patasi siyawezi, inayatoa vizuri mno, na kama unataka vibao vingi vinavyofanana huwezi kushindana nayo. Pembe za ndani tu ndizo hubaki na mviringo, maana biti yenyewe ni ya mviringo. Hapo patasi inarudi kazini.

Kinachochosha ni maandalizi: kuchora kwenye kompyuta, kuchagua biti, kupanga njia itakayopita, kufunga mbao isitikisike, kuionyesha sifuri, yaani pa kuanzia, iko wapi. Kwa kitu kimoja tu, kwa mkono ningekuwa napiga msasa tayari. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine haijui tena ilipofikia, na umeme wetu mnaujua. Kama utaitumia, weka UPS, ile betri ya akiba. Vaa na barakoa, hasa ukichonga MDF, zile mbao za nyuzi za miti zilizoshindiliwa kwa gundi. Vumbi lake ni jembamba na baya kwa mapafu.

Kwa hiyo nikitaka nakshi nabeba faili kwenye flashi na mbao yangu iliyokauka, naenda kwa mafundi wa milango wenye CNC kubwa. Patana bei kabla hawajawasha. Hela ya mashine naona bora iende kwenye ruta ya mkono (ile ya kuchonga kingo na mifereji) na randa ya umeme, ambazo nitazishika karibu kila kazi.

Wewe unayeuza vibao vya majina na zawadi za harusi, nunua, ila tafuta yenye meza kubwa kuliko hii.