Kukusanya kabonidayoksaidi: juu ya maji au kwa kuisukuma hewa?

Vipande vya marumaru vinapotiwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kabonidayoksaidi hutoka papo hapo, na mwalimu hubaki na uamuzi: aikusanye juu ya maji, au aiteremshe kwa neli hadi chini ya mtungi mkavu ili iisukume hewa itoke juu?

Sifa kubwa ya njia ya maji ni kwamba kila kitu huonekana. Mwanafunzi huona mapovu yakipanda na maji yakishuka, hivyo hujua bila kukisia ni lini mtungi umejaa, na gesi anayoipata huwa na hewa kidogo. Kasoro yake ni kwamba gesi hii huyeyuka majini: katika joto la kawaida la chumba, lita moja ya maji huweza kuyeyusha karibu lita moja ya gesi. Maji ya vuguvugu hupunguza upotevu huo bila kuumaliza.

Njia ya pili hutegemea uzito, kwa kuwa masi ya moli ya gesi hii ni gramu 44 na ya hewa ni takriban 29. Haihitaji beseni, lakini mtungi uliojaa hautofautiani kwa macho na mtupu.

Kwa utambuzi peke yake, naipendelea njia hii ya pili, kwa sababu maji ya chokaa hugeuka meupe kama maziwa hata gesi ikiwa imechanganyika na hewa kiasi. Wanafunzi wasitosheke na kijiti kinachowaka kuzimika mtungini, kwani naitrojeni nayo hukizima.