Laptopu inaganda, fundi anasema virusi: diski ndiyo ilikuwa inakufa

Jina la duka silitaji. Liko Kariakoo, na waliowahi kufika pale watalitambua kwa jibu lao moja tu: kila mashine ina virusi. Nina hasira, lakini mwenye laptopu inayoganda leo asome mpaka mwisho kabla hajampa mtu yeyote hela.

Dalili zilikuwa hizi. Unaandika, ghafla skrini inaganda. Kishale cha mausi kinatembea, ila ukibofya hakuna kinachojibu. Ukibonyeza Caps Lock, taa yake inawaka na kuzima kama kawaida. Taa ya diski imewaka mfululizo, haichezi. Dakika moja au mbili zikipita, kila ulichokuwa umebofya kinafunguka kwa mkupuo. Hiyo ni diski. Caps Lock ikijibu, mfumo bado uko hai, kuna kitu unakisubiri. Ingekuwa hata Caps Lock imekufa na sauti inakwaruza palepale, hapo tungeongea habari ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), joto au draiva ya picha (programu inayoendesha skrini): unajaribu Windows+Ctrl+Shift+B kuiamsha draiva, ikigoma unashikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka izime.

Nilichokifuata dukani ni diski mpya na kifaa cha kunakilia data, maana sikuwa navyo. Nikaeleza dalili zote kaunta. Fundi hakufungua hata Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inahangaika na nini. Aliitazama skrini kidogo tu, akasema, "Dada, hii imejaa virusi. Tunapiga Windows na kukuwekea antivairasi, elfu thelathini." Nikamwomba asome kwanza afya ya diski. Akanijibu mbele ya wateja wengine: "Kama unajua, ungeitengeneza mwenyewe nyumbani." Nikaiacha kwa sharti moja, asifute chochote kabla ya kunakili folda ya Documents. Alifuta.

Kipimo nilichomwomba hakimalizi dakika tano. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager inafunguka, nenda sehemu ya utendaji (Performance), tazama diski. Ikiwa 100% huku kasi ya kusoma na kuandika iko karibu na sifuri, diski inahangaika. Fungua Event Viewer, daftari la Windows la matukio na hitilafu, kumbukumbu za System, utafute namba 7 kutoka chanzo kinachoitwa disk, maana yake kuna sehemu mbovu, au namba 129 na 153, maana yake diski imechelewa kujibu. Halafu CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Mstari wa 05 unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, C5 zinazosubiri kwa sababu hazisomeki, C6 zilizoshindikana kabisa. Ya kwangu C5 ilikuwa 88. Ikipanda C7 peke yake, yaani makosa ya kusafirisha data, shuku waya au kiunganishi kabla ya kununua diski.

Kinachowadanganya mafundi wengi ni hiki: ukipiga Windows upya, mafaili mapya yanaweza kuangukia sekta nzima, mashine ikakimbia siku kadhaa, mteja akaamini virusi vimetoka. Sekta mbovu zipo palepale. Yangu ilirudi kuganda kabla wiki haijaisha. Na kile kilichokuwa Documents sasa kimeandikiwa juu, kwenye diski ambayo tayari ilikuwa inakataa kusoma. Diski ya namna hiyo huigusi kwanza hata kwa chkdsk /r, amri ya Windows ya kutafuta sekta mbovu, kwa sababu inaipitia yote sekta kwa sekta na inaweza kuimaliza. Unawasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, unanakili mafaili muhimu kwanza, madogo kabla ya video, ndipo unabadilisha diski.

Niwe mkweli, bawaba ya kifuniko iliyolegea waliikaza bila kuniongezea bei, na kazi ile ni nzuri. Nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili kwa hilo.

Kisha nikaendesha Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, na kuiambia ikague kila kitu. Ikatoa HackTool:Win32/AutoKMS. Hicho ndicho walichotumia kuifanya Windows yao ionekane halali. Ile "antivairasi" nayo ilikuwa ya wizi, iliyovunjwa leseni, na ili ikubali kuingia walikuwa wameitengea folda nzima ambayo Defender imekatazwa kuikagua. Yaani mashine iliingia dukani bila virusi, ikatoka na mlango wazi wa virusi. Kazi hiyo nililipia.

Virusi vya kweli vina alama zake. Folda za kwenye flashi zinageuka shotikati. Defender inajizima na haikubali kuwashwa. Kivinjari kinafungua ukurasa usioujua. Feni inavuma na prosesa iko juu wakati hujafungua chochote. Ukiona hayo, nenda Windows Security, chagua ukaguzi wa nje ya mtandao wa Defender (Offline scan). Mashine inajizima na kujiwasha, inajikagua kwa takriban dakika 15. Na kama kilichoganda ni ukurasa wa kivinjari uliojaza skrini, unapiga kelele una virusi na unakupa namba ya simu, usipige. Shikilia Esc, au ufunge kivinjari kupitia Task Manager. Ule ni ukurasa tu.

Nimeweka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya 256GB na Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, haijaganda tena. Diski ya zamani imekaa pembeni, bado natafuta mtu wa kuokoa kilichobaki. Nyota mbili nimezifuta, bawaba au si bawaba. Risiti yao imeandikwa "kuondoa virusi, 30,000". Nimeitunza.