Mita ya resi kwenye mashine ya kukatia majani: uzoefu wangu, Jambiani

Mashine yetu ya kukatia majani ni ya kusukuma, ya petroli, kisu chake sentimita 53. Ndiyo inayokata ukoka wa nyumba ya wageni ninayoitunza hapa Jambiani. Ilirudi kutoka kwa fundi mjini ikivuma kupita kiasi. Ukiiwasha tu mpini unatetemeka mpaka viganja vinakufa ganzi. Nilipompigia simu fundi akanambia, "Sasa ndo ina nguvu hiyo, bosi." Sikubishana naye. Nikenda Darajani nikanunua mita ya resi, bei haikufika elfu arobaini.

Ni kidude cha kutia mfukoni, kina kioo na waya mmoja. Ule waya unauviringisha juu ya waya wa plagi mara nne tano, basi. Hukati kitu, huchomelei kitu. Kila plagi ikipiga cheche, mita inahesabu na kukuonesha mizunguko kwa dakika.

Kabla hujaiamini, tazama mpangilio wake. Injini hizi ni za stroku nne, zinataka cheche mara moja kwa mizunguko miwili, lakini sumaku iko kwenye flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini), kwa hiyo cheche inapiga kila mzunguko, hata pale isipohitajika. Mita iwekwe cheche moja kwa mzunguko mmoja, yaani 1P1r. Ikiwa kwenye cheche moja kwa mizunguko miwili, inazidisha mara mbili: 3,100 utaisoma 6,200, upate presha ya bure. Karatasi ya maelezo haisaidii, maandishi yake kama mayai ya chawa.

Yetu ilisoma 4,300. Injini za namna hii kwa kawaida hazipitishwi 3,600, na za kukatia majani mara nyingi huwekwa chini zaidi. Kwa kisu cha sentimita 53, mizunguko 4,300 ni ncha kukimbia karibu kilomita 430 kwa saa. Jiwe la matumbawe likipigwa na kisu hicho halichagui mguu wa nani. Na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikikatika kwa kasi ile inaweza kutoboa bloku, hapo umeaga injini nzima.

Kwa kuwa sasa nina namba, kutafuta sababu kukawa kwepesi. Nilichomoa waya wa resi, 4,300 ile ile. Kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia, kilikuwa kinacheza vizuri, fimbo ya gavana (kidhibiti kasi cha injini) iko mahali pake. Ikabaki springi ya gavana. Ya zamani, iliyoliwa na chumvi ya bahari ikakatika, ilikuwa nyembamba. Hii aliyoitia fundi ni nene, nadhani ya pikipiki, ncha zimekunjwa kwa plaizi.

Ndani ya injini mna vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri kasi inavyopanda. Vinausukuma mkono wa gavana uende kufunga kipepeo. Springi inavuta upande wa pili, kukifungua. Kasi inatulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ukitia springi ngumu, gavana haiwezi kuishinda mpaka injini iwe imeshapaa. Hapo hata ukichezea skrubu za kabureta mchana kutwa, unapoteza petroli.

Springi ya asili tuliagiza Dar kwa namba ya modeli iliyogongwa kwenye bati la injini, ikaja na boti. Unapoivisha, angalia tundu: mkono wa gavana una matundu kadhaa, na kila tundu lina kasi yake. Rudisha lile lile la kiwandani. Na waya wa plagi uchomoe kabla mkono haujasogea karibu na kisu. Sasa mita inasoma 3,100 na mpini umetulia.

Dosari? Betri imezibwa ndani, ikifa umenunua mita nyingine. Na waya wake mwembamba usiuache uguse silensa, unayeyuka mara moja. Naipa nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya betri.