TAHADHARI: Presi za "tani 20" zinazouzwa Mombasa, kagua kabla hujalipa

Mafundi wa gereji, kuanzia Changamwe na Miritini hadi Kongowea na Likoni, kaeni macho. Kuna presi za mafuta za kung'olea bushi na beringi zinazotembezwa mitandaoni kwa bei ya kuvutia: rangi mpya, stika ya tani 20, geji inang'aa. Ukizikwangua unakuta jeki ya tani 10 au 12 imefungwa kwenye fremu ya kuungaunga. Muuzaji hana duka. Anatuma video ya bushi ikitoka bila taabu, na bushi yenyewe imeshalegezwa kwa moto kabla kamera haijawashwa. Kisha anataka arubuni "ya kuzuia mali" kwenye nambari ya mtu binafsi, na makabidhiano yawe kando ya barabara, jioni.

Anza na hesabu, kwa sababu hesabu haipakwi rangi. Nguvu ya presi ni presha ya mafuta mara eneo la pistoni, basi. Jeki nyingi za aina hii hufanya kazi kwenye presha ya ba 700 hivi (ba moja ni kama kilo moja kwa kila sentimita mraba). Chukua kipenyo cha ndani cha silinda kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, halafu mara 0.785, hilo ndilo eneo. Lizidishe kwa 700 upate kilo. Silinda ya milimita 60 inakupa kilo 19,800, na hiyo ni tani 20 ya haki. Silinda ya milimita 45 inakupa kilo 11,100. Kuilazimisha hiyo ndogo itoe tani 20 kunataka presha ya zaidi ya ba 1,200, na kabla hujafika huko sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta, imeshapasuka, au valvu ya usalama imefunguka kama ipo. Kumbuka mti wa jeki, yaani nguzo unayoiona ikitoka juu, mara nyingi ni mwembamba kuliko pistoni iliyo ndani, kwa hiyo kuupima huo peke yake hakutoshi. Mwambie akwangue rangi kwenye kitako: baadhi ya jeki zimepigwa uwezo wake kwenye chuma chenyewe, na stika haibadilishi chuma.

Geji nayo iangalie kwa jicho la shaka. Nyingine ni pambo tu, tundu lake limezibwa kwa ndani. Weka kipande kinene cha chuma mezani, piga pampu taratibu, na sindano ipande kila unapoongeza. Ukifungua valvu irudi sifuri kabisa. Ikibaki juu ya sifuri, au iruke ghafla, hiyo si ya kuaminiwa.

Wanunuzi wengi hupoteza muda wote kwenye jeki, wakitafuta matone ya mafuta. Jeki inayovuja inatengenezeka. Kinachojeruhi watu ni fremu, na huko ndiko muuzaji hataki uangalie.

Njoo na sumaku, hata ya spika mbovu, uipitishe kwenye maungio yote manne ya boriti ya juu. Ikilegea mahali, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna weldi yenye matundu au ufa. Pima fremu pembe kwa pembe, mishazari yote miwili, kwa futi ya chuma. Tofauti ikizidi milimita chache, fremu imekaa upande, mti utasukuma kwa mshazari, na beringi itapasuka au kipande kitaruka. Ikiwa boriti imefungwa kwa bolti, soma vichwa: ziwe na alama ya uimara, 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na alama yoyote ihesabu kuwa chuma laini.

Sasa pini za meza, zile zinazoshikilia meza ya presi kwenye fremu. Kwa tani 20, kila pini kati ya mbili inabeba tani 10. Pini ya chuma laini ya milimita 16 haiwezi mzigo huo, itapinda. Wengine hukata nondo ya ujenzi na kuipaka rangi. Mbavu zake haziruhusu ikae sawasawa tunduni, uzito wote unaegemea sehemu moja. Chomoa pini, ivingirishe juu ya kioo au sakafu ya vigae. Ikirukaruka, imeshapinda. Tazama na matundu yenyewe: yakiwa yamevutika kama yai, fremu imewahi kuzidishiwa mzigo na haifai kununuliwa hata kwa bei ya nusu.

Mafuta hayachukui muda. Fungua kifuniko unuse. Harufu kali ya kiberiti ni oili ya gia, imewekwa nzito ili sili iliyochoka isivuje siku ya maonyesho. Rangi ya maziwa ni maji yameingia, jambo la kawaida kwa presi iliyolala nje kwenye hewa yetu ya pwani. Tone moja likichanganyika na maji glasini badala ya kuelea, hayo ni mafuta ya breki. Yanavimbisha sili za mpira wa kawaida, uvujaji unakoma kwa muda, halafu mpira unalainika na kuoza. Yanayotakiwa ni mafuta ya haidroliki, namba 32 yanafaa. Jaribio la mwisho: pandisha presha hadi nusu ya geji, acha dakika kumi. Sindano ikishuka waziwazi, kuna valvu au sili mbovu.

Kwa waliokwisha kununua na fremu yao ni nzima, dalili zasomeka hivi. Mkono wa pampu ukiwa laini kama sponji, kuna hewa: fungua valvu ya kushushia, piga pampu mara kumi au kumi na tano, legeza kifuniko cha mafuta hewa itoke, funga. Mti ukipanda kisha ukashuka wenyewe, safisha kigololo cha valvu ya kushushia na kikalio chake, mara nyingi ni uchafu tu. Mkono ukiinuka wenyewe baada ya kusukuma, kigololo cha njia ya kutokea mafuta hakifungi. Mti ukigoma kufika mwisho, ongeza mafuta, lakini mti ukiwa umeshuka wote, la sivyo yatafurika. Kutu kwenye mti, ikiwa ya juujuu, iondoe kwa msasa wa maji wa 600; vishimo vikiwa virefu vitakata kila sili mpya utakayoweka.

Pesa toa baada ya majaribio, na ndani ya gereji yako. Risiti iandikwe jina, kitambulisho na maneno "presi ya tani 20", kwa sababu sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka mali ilingane na maelezo iliyouziwa. Aliyekwisha kutuma arubuni kwa M-Pesa na simu ya muuzaji imezimwa, apeleke ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom papo hapo; muuzaji akishazitoa pesa, kuzirudisha ni vigumu. Na fremu yenye ufa ikatwe vipande iende kwa wauza vyuma chakavu, isipakwe rangi tena na kuuziwa fundi mwingine.