Kozi ya ujasiriamali mtandaoni ya wanafunzi: motisha ruka, hesabu usikose

Kiukweli nilijiunga nikijua ntakutana na porojo za jiajiri uwe bosi wako, na video za mwanzo ndo hizo hizo, jamaa anaongelea ndoto mpaka unasinzia. Zirukeni tu.

Utamu uko kwenye moduli ya hesabu. Wanakwambia umenunua bidhaa kwa 60 unauza 100, gharama za kudumu (zile unalipa hata usipouza kitu) kwa mwezi ni 2,000, haya uuze ngapi ndo usile hasara? Jibu ni 50, maana kila moja inakubakizia 40, ila kwenye grupu wengi, tena wanaosoma biashara, walisema 20 kwa sababu waligawa 2,000 kwa 100 wakasahau ile 60 inarudi kununua mzigo. Alafu wanakugeuzia, shusha bei iwe 90 ili kuvuta wateja, kila moja inabakiza 30 na ghafla inabidi uuze 67! Punguzo la 10 tu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini biashara inaweza kujaa wateja na bado ikafa.

Zoezi la wateja nalo liko poa, unaenda kuongea na watu ila umekatazwa kuuliza "ungenunua?" maana kila mtu atasema ndio kwa adabu, unauliza shida hiyo sasa hivi anaitatuaje na hela ngapi inamtoka. Wazo langu lilikufa hapo hapo na sikupoteza hata senti.

Kuna wanaolalamika eti ukimaliza hii kozi hamu ya biashara inapungua. Sasa ubaya uko wapi? Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2010 kuhusu wanafunzi waliopitia programu ya kuendesha kampuni ndogo chuoni, nia yao ya kuwa wajasiriamali ilishuka badala ya kupanda, na mimi naona bora mtu aghairi darasani kuliko aghairi akiwa na mkopo wa watu. Hata uchumi unafaidika, mtaji unabaki kwa wanaoweza kuuzungusha, na huyo aliyeghairi akiajiriwa anajua kusoma faida na hasara.

Kinachoboa ni mtihani wa mwisho, kukariri maana ya maneno mwanzo mwisho, yaani baada ya mazoezi yote yale! Kodi na usajili wa biashara wamepita juu juu, na ukituma mpango wako usahihishwe utasubiri mpaka usahau uliandika nini.

Nyota 4 kati ya 5. Kama una haraka anza na moduli ya hesabu, cheti utakifuata baadae.